Geji Ilisema Nusu Tenki

Mama mwenzangu, barabara ya Usinge kwenda Kaliua hupita katika pori la miombo, upande ule ule wa misafara ya zamani ya Tabora na Ujiji. Usiku mmoja tulimbeba mama aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Geji ilionyesha nusu tenki. Katikati ya pori gari likazimika, tenki kavu! Lori la tumbaku likatuokoa kwa lita tano za petroli, na mama akajifungua salama.

Tuliporudi Usinge, fundi alichomoa waya wa tenki, akafungua swichi ya gari na kuugusisha waya kwenye bodi. Mshale ukapanda hadi juu. “Geji ni nzima, mama. Ugonjwa uko tenkini.” Kweli, mkono wa boya ulikuwa umeganda kwa kutu. Tukaagiza boya jipya Tabora, likaja kwa treni, akalifunga pamoja na mpira wake.

Sisi wauguzi tunajua: kipimajoto kinachosoma sawa kwa kila mgonjwa kina kasoro. Vivyo hivyo mshale usioshuka safari nzima. Andika kilomita kila unapojaza mafuta, nawe utakuwa na shahidi wa pili.