3SZ ndani ya KE70: chuma ni rahisi, waya ndio kazi

Haya, kwa walioniuliza mbona Corolla yangu ya 1982 haikohoi tena asubuhi: imepata injini nyingine. KE70 ilitoka kiwandani na 4K, cc 1290, valvu 8, kabureta na pointi. Bisibisi na spana mbili ziliitosha. Sasa mle ndani kuna 3SZ-VE ya Townace, cc 1495, valvu 16, VVT-i, na kompyuta inayoamua kila kitu.

Kwa nini si 1NZ ya Probox, iliyojaa Nairobi nzima? Kwa sababu ile hulala kwa upana, ni ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. KE70 husukumwa na ya nyuma na injini yake hukaa kwa urefu, sawa na Townace. Maunti zilichomelewa Dagoretti Corner, propela ikakatwa na kusawazishwa. Siku tatu, kwisha.

"Boss, injini si shida," fundi alisema. "Shida ni nyaya."

Alisema kweli. Muuzaji wangu wa Kirinyaga Road aliing'oa injini kwa kukata waya zote na koleo, kama mtu anayevuna sukuma wiki. Kwetu sisi waandishi wa programu, hiyo ni kupokea msimbo bila maktaba zake. Kompyuta nilisisitiza iwe ya giaboksi ya mkono, kwani ya otomatiki hungoja habari kutoka giaboksi yake na isipozipata hulalamika. Niliipakata kwenye matatu ya 46 hadi Kawangware.

Mafuta nayo: 4K ilitosheka na pampu ndogo iliyoendeshwa na injini yenyewe. Sindano za 3SZ zinataka takriban bar 3, kwa hiyo pampu ya umeme ikaingia, na mipira ya zamani ikatoka yote. Hapo msibane senti; mpira ukipasuka kwa presha hiyo juu ya ekzosi ya moto, gari linaungua.

Ikawaka. Sekunde kumi, ikazima. Ikawaka tena, ikazima tena. Kisomeo cha bei nafuu kikaniambia P0335, yaani kompyuta haipati ishara ya sensa ya krenki. Sensa ilikuwa nzima. Fundi wa umeme alifuata waya kwa mkono hadi pale ulipoungwa: waya huo huvaa ganda la kuzuia kelele za umeme, na kwenye kiungo ganda halikuwepo, tena ulipita kando ya koili. Kelele tupu. Tukauhamisha, tukaufunika upya. Imetulia tangu hapo.

Nimepata nini? Inawaka kwa mguso mmoja na inapanda mlima wa kutoka Kangemi bila kubembelezwa. Nimepoteza nini? Zamani ikinizimikia Limuru, fundi yeyote wa kando ya barabara angeiwasha. Sasa nabeba kisomeo, rilei ya akiba na mchoro wa waya niliouchora mwenyewe.

Ila bado siliendeshi mbali. Logibuku ingali inasema 4K, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haitaki gari litofautiane na maandishi yake. Maombi yako NTSA kupitia eCitizen. Risiti ya injini nimeihifadhi mahali pawili.