Chaneli ya 41, San Antonio

Jengo nililolifuata San Antonio, Texas, lilibomolewa Novemba 2013, na nililijua hilo kabla sijapanda ndege. Nilitaka tu kusimama pale lilipokuwa, karibu na mto, kwenye barabara ambayo sasa inaitwa César Chávez. Leo pana nyumba za kupangisha, mpya na nadhifu. Jua la Julai lilikuwa linaunguza lami, nami sikuondoka upesi. Hapa ndipo palipokuwa na kituo cha kwanza cha televisheni ya Kihispania katika Marekani bara, kilichoanza mwaka 1955.

Mwanzilishi wake, Raoul Cortez, alizaliwa Mexico, na tangu 1946 alikuwa na redio yake, KCOR. Televisheni ilimpa mtihani mzito zaidi. Chaneli aliyopewa, ya 41, ilikuwa ya UHF, yaani mawimbi ya masafa ya juu zaidi, wakati seti nyingi za siku zile zilinasa chaneli ya 2 hadi ya 13 basi. Aliyetaka kuwaona waimbaji na wachekeshaji wa lugha yake ilimlazimu anunue kijisanduku cha kubadilishia mawimbi. Sheria ya kuwabana watengenezaji waweke UHF ndani ya kila seti ilipitishwa 1962, ikaanza kutumika 1964.

Mama aliyenipokea, mzaliwa wa mitaa ya magharibi ya jiji, anakikumbuka kijisanduku cha baba yake. Majirani walikuja na viti vyao, na watoto walikaa sakafuni. Sikuhitaji maelezo zaidi. Nami nimekulia mtaa wenye televisheni moja. Lakini sebule ile iliyofurika, kwa wenye bidhaa za kutangaza, haikuwapo. Vipimo vya watazamaji havikuwafikia watu wale, na asiyehesabiwa halipiwi tangazo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote niliyoyasikia Texas: watu walikuwa na pesa, walinunua sabuni na magari kama wengine, lakini kituo chao kikakosa mapato.

Mwaka 1961 Cortez aliuza. Wanunuzi walikuwa kundi lililohusiana na Emilio Azcárraga Vidaurreta, tajiri wa utangazaji wa Mexico, na uendeshaji ukabaki kwa Emilio Nicolas, mkwe wa Cortez. Kituo kikaitwa KWEX. Ujanja wa Azcárraga, naukiri kuwa ulikuwa wa akili nyingi, ulikuwa huu: tamthilia zilizotengenezwa Mexico zilikwisha kurudisha gharama zake huko kwa matangazo, kwa hiyo kila dola iliyopatikana kaskazini ya mpaka ilikuwa ya nyongeza. Kanda zilisafirishwa kutoka kituo hadi kituo, mpaka mwaka 1976 mtandao wao ulipoanza kurusha vipindi kwa setilaiti.

Kikwazo kilikuwa sheria. Mgeni hakuruhusiwa kumiliki zaidi ya asilimia 20 ya leseni ya kituo cha Marekani. Mwaka 1986 mamlaka ziliamua kwamba wageni walikuwa na mkono mrefu mno katika vituo hivyo, na vikauzwa kwa Hallmark, watengenezaji wa kadi za salamu. Mtandao ukapata jina la Univision. Mwaka 1992 Nielsen, kampuni ya kupima watazamaji, ilianzisha kipimo maalumu cha kitaifa cha watazamaji wa Kihispania, na hapo wenye bidhaa wakaanza kuja wenyewe. Mwaka 2007 Univision ilinunuliwa kwa takriban dola bilioni 13.7, madeni yakiwemo. Wale wa sakafuni kumbe walikuwa na bei, na hawakuipata wao.

Jioni mwenyeji wangu aliwasha chaneli ya 41, ambayo haijahama namba yake. Taarifa ya habari ilikatwa na matangazo ya mawakili wa uhamiaji, bima na magari ya mizigo, yote kwa Kihispania. Yeye alifuatilia kila kitu. Wajukuu wake walikuwa kwenye simu zao, kwa Kiingereza. Tangu 2022 Univision na biashara ya vipindi ya Televisa, kampuni ya televisheni ya Mexico, ni kampuni moja, yenye huduma ya intaneti iitwayo ViX, na inawawinda vijana kama hawa. Kwa tamthilia nadhani itawapata wachache, kwa soka wengi. Timu ya taifa ya Mexico ilipoingia uwanjani, simu zote ziliwekwa chini, na yule mkubwa akamwomba bibi yake aongeze sauti.