Ahadi ya Shaba

Wahenga waliponena kwamba ahadi ni deni, hawakuwa na habari za Melbourne. Mnamo mwaka wa 1849, Australia ikiwa bado chini ya Waingereza, sarafu ndogo zilikuwa adimu mjini humo. Ndipo duka la vyakula la Annand, Smith & Co. lilipotoa peni zake lenyewe za shaba. Wafanyabiashara wengine wakafuata, kila mmoja akichapisha jina la duka lake, hata sarafu ikawa tangazo litembealo mifukoni.

Peni hizo hazikuwa na dhamana ya serikali. Nyingi zilikuwa nyepesi kuliko peni halali. Pengo hilo lilizibwa na neno la mwenye duka tu. Je, duka lilipofungwa, nani alibaki akidai? Si tajiri mwenye dhahabu, bali kibarua ambaye akiba yake yote ilikuwa shaba. Victoria ilizipiga marufuku mwaka wa 1863, New South Wales mwaka wa 1868.

Kinaya ni kwamba leo wakusanyaji wa sarafu huzinunua kwa bei ipitayo peni moja kwa mbali. Deni limelipwa, ila si kwa mdai.