Watoto Waliotutafutia Nyumba

Sisi wazee wa Fizi, Uvira na Baraka, kule mashariki mwa Kongo, tunapokutana baada ya ibada, lalamiko moja halikosi: watoto hawatulii. Mwaka jana walikuwa Houston, sasa wako Iowa, na tayari wameanza kuulizia kodi za Kentucky. "Wamerithi ukimbizi," alisema mzee mmoja, na wengine wakaitikia. Mimi sikuitikia, na naandika haya ili nieleze sababu.

Sisi tulikimbia. Vita vya 1996 vilipotufikia hakuna aliyeuliza bei ya nyumba kule tuendako. Tulivuka Ziwa Tanganyika, tukapelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu nchini Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo. Ulionyeshwa kiwanja, ukapewa turubai, ukafyatua matofali yako ya udongo. Kutoka nje ya kambi kulitaka kibali. Hata safari ya Marekani hatukuichagulia mwisho wake: shirika la kupokea wakimbizi lilitutajia mji, likatupangia apatimenti, na msaada wa kuanzia ukakatika ndani ya siku 90. Baada ya hapo kodi ikawa juu yetu, na deni la nauli ya ndege nalo likaanza kudaiwa.

Na ule mkataba wa kodi, kurasa nyingi za Kiingereza, nani aliusoma? Tuseme kweli: mtoto ndiye aliyeusoma. Binti wa jirani yangu alikuwa na miaka 13 alipokaa katikati ya baba yake na meneja wa majengo, akatafsiri habari ya faini ya kuchelewa na ya depoziti isiyorudishwa ukuta ukiharibika. Baba alitia saini pale binti alipomwonyesha kwa kidole. Watoto wa kizazi hiki waliyajua mambo ya nyumba kabla ya kujua ya shule, na hakuna aliyewapa pole.

Binti huyo alipokuwa mkubwa ndiye aliyeihamisha familia yake kutoka Texas kwenda Iowa. Niliona karatasi yake mezani. Upande mmoja aliandika kodi, umeme, bima ya gari. Upande wa pili, dawa za mama. Mama ana kisukari, anasafisha vyumba hotelini, na hakuwa na bima. Texas imekataa kuipanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ili iwafikie watu wazima wa kipato chake. Iowa iliipanua mwaka 2014. Huko kuna pia viwanda vya nyama vinavyoajiri mtu ambaye Kiingereza chake bado kidogo. Baba hakutaka kuondoka, kanisa lake lilikuwa Houston. Binti akamsomea hesabu ile kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, mpaka mzee akanyamaza. Mkimbizi gani huyo anayehesabu hivyo? Huyo ni kiongozi wa nyumba.

Kupata nyumba yenyewe kulikuwa kazi ngumu zaidi. Wapangishaji wengi wanataka kipato mara tatu ya kodi. Wanaangalia alama za krediti, ambazo huanzia 300 hadi 850, na mtu ambaye hajawahi kukopa hana alama za kuonyesha. Kila mtu mzima analipia fomu ya maombi, na ukikataliwa pesa hairudi. Halafu kuna ukubwa wa familia zetu. Mwongozo wa serikali kuu wa mwaka 1998 unahesabu watu wawili kwa chumba cha kulala kuwa kiwango cha kawaida. Nyumba yenye bibi, wazazi na watoto sita inahitaji vyumba ambavyo majengo mengi ya kodi nafuu hayana kabisa.

Wapo wanaotegemea voucha ya Section 8, mpango ulioanza mwaka 1974, ambapo familia hulipa takriban asilimia 30 ya kipato na serikali ikajazia. Voucha inaweza kuhamishwa hadi jimbo jingine, ingawa baadhi hulazimika kwanza kukaa mwaka mmoja pale walipoipatia. Lakini mahali pengi mwenye nyumba anaweza kuikataa. Texas mwaka 2015 na Iowa mwaka 2021 zilipitisha sheria za kuzuia miji isimlazimishe kuipokea. Kwangu huo ni uonevu: unampa maskini karatasi ya nyumba, kisha unamlinda anayemfungia mlango.

Siwasifu vijana kwa kila jambo. Wengine huhama kwa kusikia bei ya rafiki tu. Kodi ya Iowa ni ndogo, lakini bili ya gesi ya Januari inaweza kula akiba yote, na mahali pasipo na basi la usiku kila mtu wa zamu anahitaji gari. Medicaid na msaada wa chakula havisafiri na mtu. Ukifika jimbo jipya unaomba upya, na mgonjwa anaweza kubaki bila dawa katikati. Idara ya uhamiaji nayo inataka anwani mpya ndani ya siku 10. Na mama mzee anayehamishiwa mji ambao hamjui mtu hushinda ndani akitazama dirisha. Hilo nalo liandikwe kwenye karatasi ya hesabu.

Kuna jambo ambalo ningependa vijana walijue. Mwaka 1973 Mmarekani Millard Fuller na mkewe Linda walikwenda Mbandaka, nchini kwetu, wakashirikiana na wenyeji kujenga nyumba za bei nafuu. Waliporudi kwao, mwaka 1976, walianzisha Habitat for Humanity, ambamo familia hufanya kazi kwa mikono yake kwenye nyumba yake na kulipa mkopo usio wa kumtajirisha mtu. Kazi iliyopata nguvu Kongo leo inawapa Wamarekani makazi. Mkiomba nyumba hizo, ombeni mkiwa mmeinua vichwa.

Wazee wenzangu, likelemba, vikundi vyetu vya kuchangiana, tunazo. Tunachangishana kwa misiba na harusi, na ni vizuri. Tutenge fungu la depoziti pia, kwa sababu familia nyingi zinashindwa hapo hapo, kwenye mwezi wa kwanza na depoziti, ilhali kodi ya kila mwezi zingeiweza. Na kijana akija kuaga Jumapili ijayo, tusianze kumwambia kwamba hatulii. Tumuulize amepungukiwa kiasi gani.