Sandarusi si Kaharabu

Hapa Koboko, Uganda, tunakopakana na Kongo na Sudan Kusini, mnunuzi wa dhahabu aliyekomaa huanza kwa kuuliza imechimbwa wapi. Bei ni baadaye. Swali hilohilo nilimpa mpwa wangu aliye Dubai aliponitumia picha ya kipande cha njano chenye mdudu ndani. "Mjomba, wanasema ni kaharabu, kisukuku cha utomvu cha miaka milioni 30. Nichukue?"

Nilimsihi asubiri. Kinachouzwa kwa jina la kaharabu mara nyingi ni sandarusi, utomvu wa miti ya pwani ya Afrika Mashariki na ya Madagaska. Katika karne ya 19 watu wa Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, waliichimba ardhini, ikapitia Unguja kwenda Salem, Marekani, na kwingineko kutengenezea vanishi. Wafanyabiashara wa wakati huo waliitenga ile ya ardhini na chakazi, yaani mbichi iliyotoka mtini karibuni, na kila moja ikapewa bei yake. Umri haukufichwa.

Kaharabu ya Bahari ya Baltiki ina karibu miaka milioni 40. Sandarusi nyingi ya Madagaska, ilipopimwa kwa kaboni, imeonekana ina miaka mia chache tu. Mdudu aliyemo huenda akawa wa kweli kabisa. Uongo umo katika umri aliopachikwa.

Hilo ndilo linaloniuma. Sandarusi ni nzuri, inang'aa, ina historia yetu ndani yake, kisha mtu anaivika umri usio wake ili ipendwe. Vivyo hivyo nawaona vijana wetu mafundi wa pikipiki, mikono yao ikifufua injini zilizokwisha kukatiwa tamaa, wakihangaika kununua vyeti vya kughushi. Aliyewaambia kwamba ufundi wao pekee hautoshi amewadhulumu, na sisi wazee tulionyamaza tumemsaidia.

Kupima si kazi ngumu. Weka tone la asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, mahali pasipoonekana: sandarusi hunata, kaharabu hubaki kavu. Katika maji yaliyokolezwa chumvi, kioo na plastiki nyingi huzama, ila sandarusi nayo huelea kama kaharabu, kwa hiyo usiishie hapo. Mdudu mkubwa mno, aliyekaa katikati kama aliyepigwa picha, akutie shaka.

Mifupa ya kale ni jambo jingine. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2006 inaviweka visukuku vilivyo ardhini chini ya Serikali. Anayekuuzia kwa siri mfupa halisi wa Turkana anakuuzia mali ya umma, na uhalisi wake haukusafishi. Ukitamani kuona visukuku vya Moroto na Napak, nenda Makumbusho ya Uganda, Kampala.

Kwa kaharabu, mpwa wangu, dai risiti inayotaja kitu chenyewe, nchi na mahali kilipochimbwa, pamoja na haki ya kukirudisha kikipimwa na kuonekana si chenyewe. Muuzaji akikataa kuandika, mwachie kipande chake.