Walimu Nao Hufunzwa

Wengi wetu humdhania mwalimu kuwa ni mtu aliyekwisha kujifunza. Akipata cheti na chaki, basi amemaliza. Sisi tufundishao hapa Nyakato, Musoma, tulikuwa katika dhana hiyo hiyo mpaka safari moja ya Butiama ilipotutia haya.

Butiama si mbali nasi. Ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Mwaka huo huo ilifunguliwa huko nyumba ya makumbusho yenye jina lake, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa; ndani mna vitu alivyovitumia, zawadi alizotunukiwa, na picha. Tuliwaingiza watoto wa darasa letu tukawaamuru, "Andikeni mnayoyaona." Wakayanakili maandishi ya ukutani mbio mbio, kama wanakilivyo ubaoni, wapate kutoka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, alipokwenda Amerika kudai uhuru, nauli alitoa nani?" Hatukuwa na jibu. Tukamwambia anyamaze aandike.

Kosa halikuwa la mtoto, wala la nyumba ile. Tulikuwa tumekwenda kufundisha kwa vitu ambavyo sisi wenyewe hatujapata kuvitazama. Wenye hekima waliliona jambo hili zamani: UNESCO iliitisha semina juu ya makumbusho na elimu huko Brooklyn mwaka 1952, kisha Rio de Janeiro mwaka 1958. Nasi tukaazimia kurudi Butiama walimu peke yetu, bila watoto, siku ya mapumziko.

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo ya miaka themanini, alikuwa amemzuia mjukuu wake asiende safari ile ya kwanza. Alisema nyumba ile ina masanamu na kaburi, tena si yetu Waislamu. Tulikuwa tumemcheka kichinichini, Mwenyezi Mungu atusamehe. Safari hii tulimwendea kwa adabu, tukamwomba afuatane nasi akajionee mwenyewe. Akakubali kwa shingo upande.

Mwenye kuongoza wageni hakutuhutubia. Alitusimamisha mbele ya picha moja tu ya siku za TANU, akatukataza kusoma maandishi yake, akasema kila mmoja ataje anachokiona. Walimu tukataja haraka: watu, mkutano, miti. Tukaishiwa. Mzee wetu alikuwa bado anatazama. Kisha akaanza kusema, na hakunyamaza kwa muda wa nusu saa. Akatuonyesha kofia na kanzu katika umati ule. Akatueleza jinsi baba yake alivyokata kadi ya TANU na kuificha asiione bwana wake wa kazi. Mwaka 1955 Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa, New York, nauli ilitokana na michango. Na kwao, akasema, ilitoka senti ya samaki.

Hilo ndilo jibu alilolitaka yule mtoto, nalo lilikuwa likikaa nyumba ya pili kutoka kwetu!

Kaburini mzee alisimama kando kidogo, akatazama, akaondoka. Nasi tukaona hapo pana somo jingine: kuzuru makaburi ili kuikumbuka Akhera kumeruhusiwa katika dini yetu, na kuyaomba ndiko kulikokatazwa. Mtoto wa Kiislamu afunzwe tofauti hiyo papo hapo, kuliko kufichwa nyumbani. Qur'ani yenyewe yatuamrisha tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia.

Tangu siku hiyo hatuwapeleki watoto ila tumetangulia sisi, na kila mara twafuatana na mzazi mmoja au mzee. Si rahisi, nauli yatoka mifukoni mwetu, na wako walimu wenzetu waonao kuwa twapoteza siku ya kupumzika.

Mjukuu amekwisha kwenda. Mzee naye angali akipekua sanduku la marehemu baba yake, akiitafuta ile kadi.