Kufika na Kufikishwa

Sisi walimu wawili tufundishao Kiswahili nyakati za jioni katika kampuni moja ya mjini Kampala tuna jambo la kukiri mbele ya wenzetu. Jambo lenyewe si la sarufi, ingawa sarufi ndiyo iliyotufichua.

Baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuridhia, mwaka 2022, Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, kampuni hiyo nayo iliwatafutia wafanyakazi wake walimu, nasi tukapata kibarua. Mwaka jana wanafunzi wetu hao waliunda timu ya kupanda baiskeli kutoka Kampala hadi Masaka, mwendo wa kilomita 130 hivi, ili kuchangia viti vya magurudumu kwa watoto walemavu. Kampuni iliahidi shilingi 2,000 kwa kila kilomita ya kila mpandaji. Tulipoalikwa tuliona haya kukataa. Umri wetu tuliusahau, magoti hayakuusahau.

Hadi Kayabwe, inapopita Ikweta, tulikwenda kwa nyimbo. Hapo picha zilipigwa kwa wingi, gurudumu moja likiwa kaskazini na jingine kusini mwa dunia. Lakini mbele ya Kayabwe kuna Lwera. Asiyeijua barabara hiyo ila kwa basi hawezi kuijua. Inapita katika kinamasi, mafunjo huku na mafunjo huku, pasipo kivuli cha kumtosha kuku. Upepo wa ziwani humpiga mtu ubavuni, na malori ya mchanga yapitapo humyumbisha kama jani. Vijana walituacha. Mmoja wetu alikazwa na misuli ya paja. Mwingine, tuseme kweli, hakukazwa na kitu ila alichoka.

Tulipokuwa tumeketi kando ya lami alitukuta mzee mmoja, baiskeli yake nyeusi imepakiwa mikungu mitatu ya ndizi, naye anaisukuma kwa mguu. Kiswahili alikipata ujanani, alipokuwa utingo wa malori ya Mombasa.

"Wanangu, mmepakia nini hata mkachoka hivi?"

Tukamweleza habari ya watoto na ya shilingi kwa kilomita. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na msipofika, watoto watapewa nusu kiti?"

Hatukuwa na jibu. Alikuwa hajapotea machoni petu ilipotokea pikapu ya kampuni iliyochukua maji na vipuri. Tulipandishwa, baiskeli zetu zikalazwa nyuma, na tukashushwa karibu na kuingia Masaka. Tulipanda tena baiskeli, tukaingia mjini tukipigiwa makofi kama wengine. Karani wa timu, binti aliye hodari kuliko wote darasani, alikuwa na daftari mkononi.

"Walimu, niandike kilomita ngapi?"

"Andika kama wenzetu," tulimwambia.

Akaandika. Hakututazama.

Wiki iliyofuata somo letu lilikuwa mnyambuliko wa vitenzi. Tulitoa kitenzi "fika" tukataka mifano. Mmoja akasema, "Barua imefika." Mwingine, "Dereva amefikisha mzigo." Tulipofika kwenye kauli ya kutendwa, yule binti alisimama kwa adabu zake zote, akasema:

"Walimu wetu walifikishwa Masaka."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangalicheka. Kwa upande wa sarufi sentensi haikuwa na kasoro hata moja, na mwalimu hana budi kusema "vyema" panapostahili. Tukasema vyema. Kisha tukamwomba daftari, na mbele ya darasa tukafuta kwa kalamu nyekundu, ile tunayosahihishia kazi zao, kilomita 40 kwa kila mmoja wetu. Zilikuwa 80 kwa jumla, yaani shilingi 160,000.

Kampuni ilikata kiasi hicho katika mchango wake bila maneno. Hatukutaka watoto walipe deni la miguu yetu, basi tulizitoa fedha hizo mifukoni mwetu kwa miezi miwili, na yule binti alitupa stakabadhi kila mara, imeandikwa kwa Kiswahili safi.

Mwaka huu ametuuliza kama tuandikishwe tena. Tumeandikishwa. Jioni, baada ya vipindi, tunafanya mazoezi, na juzi tulikwenda mpaka Mpigi na kurudi kwa miguu yetu wenyewe.